MUZIKI WA WAGENI NAO ULIPE HONGO

Yuko mtu anayefahamika katika kila mji uliokua kando ya Reli ya Kati, na Tabora hakosekani. Alisoma sekondari katika miaka ya sitini, akashika chaki au kalamu ya serikali kwa miaka thelathini na zaidi, na sasa amestaafu kwa heshima. Sebuleni kwake mna kabati, na kabatini mna santuri na kanda za vijana wa Kiingereza waliotamba enzi za ujana wake: Beatles, Rolling Stones, The Who, The Kinks. Mtu huyu ni msomi wa mapenzi yake. Anajua kwamba santuri kubwa ya kwanza ya Beatles ilirekodiwa karibu yote kwa siku moja, tarehe 11 Februari, 1963. Anajua kwamba kabla ya Ringo Starr ngoma zilipigwa na Pete Best. Anajua kwamba Paul McCartney alipata wazo la santuri yao mashuhuri ya mwaka 1967 akiwa ndani ya ndege, akirejea Uingereza kutoka Kenya mwezi Novemba 1966, na jambo hilo humfurahisha kana kwamba ndege ile ilipita juu ya bati la nyumba yake. Wanawe, ambao nao sasa ni walimu na maofisa, wamerithi mapenzi hayo. Tofauti yao na baba ni kwamba hawahitaji kabati, maana simu ya mkononi huwaletea nyimbo zote.

Sasa mtu huyo na aulizwe swali jepesi. Nani alipiga gitaa la besi katika Tabora Jazz, bendi iliyomchezesha dansi katika mji wake mwenyewe? Kiko Kids walikuwa wangapi jukwaani, na nani alipiga tumba? Nyanyembe Jazz walifanyia mazoezi nyumba ipi, mtaa upi? Hapo msomi hunyamaza. Hanyamazi kwa chuki. Bendi hizo alizipenda, alilipa kiingilio, alitoka jasho, pengine ndipo alipompatia mke wake. Ananyamaza kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba mambo ya bendi hizo nayo ni elimu.

Yafaa ieleweke mapema kwamba lawama hapa si kwa mapenzi ya Beatles. Kumpenda mwanamuziki hodari si dhambi, na ngozi yake haihusiki. Lawama ni kwa upendeleo wa kumbukumbu: mtu kuwa na daftari refu la Liverpool, na la Tabora asiwe hata na ukurasa. Ugonjwa huo una dawa, na dawa yenyewe haikutoka Ulaya. Ilikuwapo tangu zamani katika njia ya misafara iliyoijenga Tabora.

Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Juu yake zilipita nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na pembe za ndovu. Walipita pia watu waliofungwa minyororo, na aibu hiyo haifutiki. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kiasi cha kilo thelathini kwa mtu mmoja, mwendo wa miezi. Lakini hapana mpagazi aliyebeba bure. Alipatana ujira, alidai posho, na posho ikipunjwa aliuweka mzigo chini, tajiri akabaki porini akihesabu marobota yake. Na msafara wenyewe haukupita bure. Kila penye mtemi na kisima cha maji palikuwa na hongo, na Ugogo ndiko hongo ilikokuwa kali kupita kote, kwa kuwa maji yalikuwa haba na wenye visima walijua thamani yake.

Neno hilo limeharibika siku hizi. Leo hongo ni rushwa, na mtumishi anayeipokea anastahili kufikishwa mahakamani. Zamani hongo ilikuwa ada ya haki, iliyolipwa mchana kweupe mbele ya wazee. Maana yake ilikuwa hii: mgeni, karibu upite, lakini nchi hii ina wenyewe, utakunywa maji, na utaacha kitu. Wasafiri wa Kizungu waliijaza hongo malalamiko katika vitabu vyao. Wenyeji waliiona ni adabu ya kawaida.

Mbele ya mzigo wa mgeni, basi, mwenye nchi alikuwa na njia tatu. Aliweza kuifunga barabara, aliweza kuwaachia wapite bure, au aliweza kutoza hongo. Mtemi Mirambo alijaribu ya kwanza. Mwaka 1871 alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe aliifunga njia ya Ujiji, hata Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka mbali. Lakini Mirambo alikuwa mtawala mwenye akili; hakutaka barabara ife, alitaka ipite mikononi mwake. Baadaye alifanya amani, na mwaka 1876 yeye na Stanley huyohuyo wakafanya udugu wa damu. Kufunga njia kulikuwa silaha ya vita tu. Katika amani alitaka biashara, yenye masharti.

Nchi hii nayo imekwisha kuzijaribu njia hizo katika muziki. Tarehe 10 Desemba, 1962, akilihutubia Bunge alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora na akafundisha Tabora, alisikitika kwamba wasomi wengi waliweza kucheza rumba, twist na rock'n'roll lakini hawakujua hata kwa jina ngoma za nchi yao. Maneno hayo hupenda kukaririwa na wale wanaotaka kufunga njia. Wasichopenda kukariri ni kwamba katika hotuba hiyohiyo alisema kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa wengine ni taifa la wapumbavu. Ila kujifunza kwa wengine si kuacha cha kwako. Mwalimu hakuagiza barabara ifungwe. Alisikitikia watu wenye daftari moja tu.

Wapo waliojaribu kuifunga. Mwezi Novemba 1969 mkuu wa Mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul katika Dar es Salaam. Nia yaweza kueleweka. Taifa lilikuwa changa na vijana wa mjini walikuwa wakiiga hata namna ya kutembea. Lakini amri iliukuta muziki wenyewe ni wa Weusi wa Marekani, wajukuu wa Waafrika waliouzwa, na ikauweka kapu moja na kasumba ya wakoloni. Mwezi huohuo wa Novemba, kwa sadfa, John Lennon wa Beatles aliirudisha nishani aliyopewa na Malkia wa Uingereza mwaka 1965, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni mkono wa Uingereza katika vita vya Nigeria na Biafra, na kuiunga mkono Marekani katika Vietnam. Tanzania ilikuwa imekwisha kuitambua Biafra tangu Aprili 1968. Basi kijana wa Liverpool mwenye nywele ndefu, ambaye mzee wa mtaa wa hapa angemwita mhuni, alikuwa amefanya kitendo cha siasa ambacho makarani wengi wa hapa wasingethubutu kukifanya kwa wakubwa wao. Amri ya kufunga njia haina macho ya kuona tofauti hizo. Na muziki, ukipigwa marufuku mlangoni, huingia dirishani.

Lakini njia ya pili ni mbaya zaidi, na ndiyo inayotawala leo. Ni ile ya kuuachia mzigo wa mgeni upite bure, kwa kisingizio kwamba muziki hauna mipaka. Usemi huo unapendeza masikioni na ni uongo. Muziki una mipaka, una wenyewe, na una njia uliyopitia. Anayesema hauna mipaka aghalabu ni yule ambaye mpaka wake umekwisha kuvukwa.

Ushahidi uko ndani ya kabati lile lile la mstaafu wa Tabora. Santuri ile ya mwaka 1963 ina nyimbo 14. Nyimbo sita kati ya hizo hazikutungwa na Beatles, na tano katika hizo sita zilikuwa zimekwisha kuimbwa na Wamarekani Weusi. Rolling Stones walianza mwaka 1962, na hata jina lao walilitwaa katika wimbo wa Muddy Waters, mtoto wa mashamba ya pamba ya Mississippi. Mwaka 1964 walisafiri hadi Chicago ili warekodi katika studio ileile aliyorekodia yeye. Liverpool wenyewe ni bandari iliyotajirika kwa kusafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi, mpaka Uingereza ilipoikomesha biashara hiyo mwaka 1807. Mtumwa alivushwa bahari akiwa hana kitu ila sauti yake. Miaka mia moja na hamsini baadaye sauti hiyo ilirudi Liverpool ndani ya santuri, vijana wa pale wakaisikia, wakaipenda kwa dhati, wakaifunga katika robota jipya, na robota likauzwa dunia nzima, Tabora ikiwamo. Mstaafu anapolipokea robota hilo kama zao la Uingereza tu, anafanana na mpagazi asiyejua alichokibeba. Tena ana hasara kuliko mpagazi, maana mpagazi alilipwa na yeye ndiye anayelipa.

Wenyewe Waingereza hatimaye walikumbushwa hongo. Mwaka 1985 Willie Dixon, mtunzi mkubwa wa blues wa Chicago, aliwashtaki Led Zeppelin kwa wimbo wao wa mwaka 1969, akidai umetokana na wimbo wake. Mwaka 1987 walimalizana nje ya mahakama. Naye McCartney, alipokwenda Lagos kurekodi mwaka 1973, alikutana na mtemi mwenye kisima. Fela Kuti alimshutumu hadharani kwamba amekuja kuiba muziki wa Waafrika, na mgeni akalazimika kumsikilizisha kanda zake ili kuthibitisha kwamba hakuiba kitu. Watu wa Ulaya waliliona tukio hilo kama kichekesho. Mgogo wa zamani angeelewa mara moja: Fela alikuwa akidai hongo.

Wala Tabora yenyewe si mgeni wa kazi hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ngoma ya Beni ilistawi katika mji huo kama ilivyostawi katika miji mingi ya Tanganyika. Askari, makarani na wapagazi wa zamani waliiga bendi za kijeshi za Wazungu, wakaiga sare na vyeo, kisha wakaunda vyama vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa ngoma na kuzikana wakati wa misiba. Sare ilikuwa ya mgeni. Chama kilikuwa cha wenyewe. Zikaja santuri za GV, zilizoanza mwaka 1933 kuuza Afrika muziki wa Kuba, nao ulikuwa na ngoma za Kiafrika ndani yake. Wanamuziki wa Tanganyika hawakuzifungia njia, na hawakuziachia bure. Walichukua gitaa na mdundo, wakatia Kiswahili, wakatia visa vya mitaani, wakatia ucheshi na mafumbo ya kwao. Ndivyo walivyozaliwa Kiko Kids wa Salum Zahoro, ndivyo walivyozaliwa Nyanyembe Jazz, ndivyo ilivyozaliwa Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata, ambamo Shem Karenga aliwaimbia watu "Dada Asha" mpaka nchi nzima ikamjua dada huyo. Hata Dar es Salaam, Western Jazz iliyoanzishwa mwaka 1959 ilibeba jina la Jimbo la Magharibi, na Saboso yake ikasikika pwani nzima. Pembeni mwa dansi, Mwinamila na wenzake wa Hiari ya Moyo waliendelea kuipigia TANU ngoma ya Kinyamwezi isiyohitaji umeme.

Na asidhani mtu kwamba rock ya Waingereza ilikuwa ngumu kutozwa. Bendi ya Sunburst, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1970, ilichukua magitaa yenye kelele ya vijana wa London, ikayachanganya na midundo ya Afrika na kuimba pia kwa Kiswahili, na mwaka 1976 ikatoa santuri iliyoitwa "Ave Africa". Hiyo ndiyo hongo iliyokamilika: mgeni amepita, na kisima kimebaki na maji.

Wanamuziki, kwa hiyo, walitimiza wajibu wao. Walioshindwa ni wasikilizaji waliosoma, na hapa ndipo mwalimu na mtumishi wa serikali wanapoguswa. Waingereza wanatunza nini? Nyumba ya Forthlin Road alikokulia McCartney ilikuwa nyumba ya kupanga ya halmashauri ya mji, ya aina ambayo karani yeyote wa Tabora angeitambua. Leo iko mikononi mwa shirika la hifadhi ya taifa na wageni hulipa kuingia. Alama za kuvukia barabara mbele ya studio ya Abbey Road, mistari myeupe tu juu ya lami, zilitiwa katika orodha ya urithi wa taifa mwaka 2010. Mark Lewisohn alichapisha mwaka 1988 kitabu kinachoeleza kila siku ambayo Beatles waliingia studio na walichokifanya. Hapa nchini, Mji Mkongwe wa Zanzibar unamkumbuka Freddie Mercury, aliyezaliwa huko mwaka 1946 na kuhama mwaka 1964, kwa sababu wageni wa Ulaya wanamuulizia. Na Tabora? Mgeni akishuka stesheni ataelekezwa Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Ni vyema, historia ni historia. Lakini nani atakayemwelekeza ukumbi walikopigia Kiko Kids? Je, mji uliotoa bendi tatu za dansi ubaki na kumbukumbu ya mmisionari mmoja?

Hapo husikika utetezi kwamba Uingereza ni tajiri na Tanzania ni maskini, na kwamba makumbusho yanahitaji fedha. Utetezi huo hautoshi. Wengi wa wale waliokusanya habari za Beatles hawakuanza na fedha. Walianza na mapenzi na daftari. Walikata vipande vya magazeti, walihoji majirani, waliandika tarehe, walibishana juu ya nani alipiga nini, wakaandika tena. Daftari halikosekani katika shule yoyote ya Tabora. Simu ile ile inayoleta nyimbo za London ina uwezo wa kunasa sauti ya mzee wa Ng'ambo au Isevya. Kilichokosekana ni kuamini kwamba mzee huyo anastahili kunaswa.

Hongo inayodaiwa, basi, si kubwa, na itozwe hivi: jina kwa jina. Kila ampendaye Ringo Starr aandike jina la mpiga tumba mmoja wa Tabora, mahali alipozaliwa, bendi alizopigia na nyimbo alizoshiriki. Kila ajuaye siku ya kurekodiwa kwa wimbo wa Lennon atafute, kwa wazee waliokuwapo, ni lini na wapi bendi ya mji wake ilirekodi, na nani walikuwamo chumbani. Mwalimu wa historia awape wanafunzi kazi hiyo wakati wa likizo, kila mmoja ahoji mtu mmoja, na madaftari yakusanywe shuleni badala ya kuchomwa mwisho wa mwaka. Afisa utamaduni wa wilaya, ambaye mara nyingi hukumbukwa siku ya mapokezi ya kiongozi tu, afungue rejesta ya wanamuziki wa mji wake, walio hai na waliokufa. Na hazina ya kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo zimo katika dhamana ya shirika la utangazaji la taifa, isihesabike kuwa mali ya vipindi vya usiku wa Jumapili tu. Humo mna sauti. Nje, kwa wazee, mna majina. Viwili hivyo visipokutanishwa, sauti zitabaki yatima.

Wala kazi hii haina nafasi ya kuahirishwa kwa mwaka mwingine wa fedha. Shem Karenga alifariki mwaka 2014. Wale waliokuwa vijana jukwaani wakati wa Uhuru, kama wako hai, wamepita miaka themanini. Kila jeneza linalotoka katika mitaa ya Tabora laweza kuwa limebeba jibu la swali ambalo hakuna mwalimu aliyeliuliza. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki yake na warithi wake haki yao, lakini sheria haiwezi kumlipa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Asiye na jina hana mirathi. Mjane wa mpiga solo atakwenda katika ofisi gani, na ushahidi upi mkononi?

Mstaafu wa Tabora asilivunje kabati lake. Beatles na wabaki humo, na Rolling Stones pembeni yao, na jioni azipige santuri hizo akipenda. Ametunza vya wengine kwa uaminifu ambao haupatikani katika masjala nyingi za serikali, na mtu mwenye tabia hiyo ni wa kuajiriwa katika kazi hii kabla ya mwingine yeyote, kwa kuwa anajua maana ya kuhifadhi. Lakini katika kabati hilo na aongeze daftari moja. Wazee wake waliwatoza hongo wafalme wa pembe za ndovu waliokuja na bunduki. Yeye hawezi kushindwa kuwatoza hongo vijana wanne wenye magitaa. Daftari lenyewe ni shilingi chache, na wa kuhojiwa wa kwanza bado yupo, mtaa wa pili, barazani pake.